Shangazi hatembei, anakwenda sokoni

Tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kazi ya kutafsiri imewazidi watafsiri. Weka juu yake vipeperushi vya afya, simu zinazotuagiza kwa Kiswahili, na programu za tafsiri ambazo kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, anazo kiganjani, utaelewa kwa nini lawama ya zamani imerudi: Kiswahili hakina maneno. Mfano unaopendwa ni wa kutembea. Tunaambiwa Kiingereza kina neno la kutembea kwa maringo, la kutembea kwa uchovu, la kutembea bila haraka na la kutembea topeni, kila moja na mzizi wake, ilhali sisi tuna tembea tu, tunaliongezea vijineno kama anayetia maji mchuzi ili utoshe wageni. Nadhani wanaolalamika hivyo wamekosea tangu kwenye swali. Maneno yetu ya mwendo hayaanzi kwa kuuliza mguu unakanyagaje. Yanaanza kwa kuuliza unaelekea wapi, na una shughuli gani huko. Anayeyapima kwa mguu atayaona machache, na akiyatafsiri kwa mguu atakosea, na makosa mengine yana watu ndani yake.

Nina shangazi yangu Iganzo, kule juu, anayeuza parachichi Soko Matola. Ana presha. Siku moja nilimsindikiza kliniki, nesi akampima, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mama, uwe unatembea. Angalau nusu saa kwa siku." Shangazi akamwangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, muda wa kutembea nautoa wapi? Mimi nikiamka nashuka sokoni, jioni napanda." Nesi akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa hafanyi mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Shangazi, na tenga lake kichwani na ule mlima, anazimaliza kabla wiki haijafika katikati. Nesi hakukosea Kiswahili, na shangazi hakusema uongo.

Kilichotokea ni kwamba neno tembea lilikuwa na maana mbili chumbani na kila mmoja akachukua yake. Kwa nesi, aliyesoma afya kwa vitabu vya Kiingereza, tembea ni kupeleka mguu mbele ya mguu. Kwa shangazi, tembea ni kutoka bila ulazima. Ndiyo maana ile ya watu wanaosema "njoo siku moja utembee kwetu," nawe ukafika kwa basi, kutwa nzima ukakaa kwenye kochi ukila ndizi na nyama, ukarudi kwenu, na bado ukawa umetembea. Matembezi ni ya Jumapili. Ukimkuta mtu njiani ukamuuliza waenda wapi, akajibu "natembea tu," amekwambia hana anakokwenda. Na ukimuuliza aliyetoka Uyole hadi Kabwe bila nauli amefikaje, hakwambii "nimetembea" kwanza, anakwambia "nimekuja kwa miguu." Safari inabebwa na kuja. Miguu ni chombo, kama bajaji.

Atatokea wa kunipinga kwa neno watembea kwa miguu, ambalo askari wa usalama barabarani wanalisema kila siku sambamba na waenda kwa miguu. Nakubali neno linasogea. Bara, na hasa mashuleni, tembea limeshika sehemu kubwa ya maana ambayo pwani ilikuwa ya kwenda. Huko pwani mtoto anayejifunza husimama dede, kisha huenda tete, wala hatembei bado. Lakini tazama hilo neno lenyewe. Kama tembea lingekuwa tayari ni kazi ya miguu, "kwa miguu" ingefuata ya nini? Imefuata kwa sababu tembea halina miguu ndani yake. Gari bovu likitoka kwa fundi tunasema sasa linatembea. Basi la usiku likiwa na dereva asiyeogopa, abiria wanapeana habari: hili linatembea! Tajiri anatembelea gari la bei, bila kutia kisigino chini. Hela ikiadimika mjini, wanasema siku hizi hela haitembei. Na machinga anatembeza bidhaa: yeye ndiye anayechoka, lakini kwa sarufi ni soksi na miwani ndivyo vinavyotembea.

Wanaisimu wana namna ya kulieleza jambo hili. Leonard Talmy, Mmarekani, alipanga lugha katika miaka ya 1980 kwa kuangalia kitenzi chao cha mwendo kinabeba nini. Ziko lugha, Kiingereza kikiwamo, ambazo kitenzi hubeba namna ya mwendo, na uelekeo unafuata nyuma kwa kijineno. Ziko nyingine ambazo kitenzi hubeba njia yenyewe, kuingia, kutoka, kuvuka, kupita, na namna inakuja baadaye kama mtu anapenda kuitaja. Kiswahili kiko huku. Mwingereza "hukimbia ndani". Sisi tunaingia tukikimbia, au tunaingia mbio, na mara nyingi tunaingia tu, mbio tukiiacha msikilizaji aijue kwa jasho. Lugha za milima yetu zinaongeza jambo. Kinyakyusa kina ukubhuuka, kwenda mahali, na ukwenda, kutembea. Kihehe kina kuluta kwa kwenda na kugenda kwa kutembea. Kwa hiyo Mnyakyusa na Mhehe wanaingia kwenye Kiswahili wakiwa tayari na mstari kati ya mwendo wenye mahali na mwendo mtupu. (Kwa mchezo wa historia, sauti ile ile enda, ambayo kwa Kinyakyusa iko upande wa miguu, kwa Kiswahili imekaa upande wa mahali. Ukisikia mzee wa Tukuyu akisema "naenda" huku amekaa, pengine ni mzaha, pengine ni lugha mama.)

Halafu kuna mlima, na hapa nyanda za juu zimekifanyia Kiswahili kitu ambacho mtu wa tambarare hawezi kukisikia. Kutoka Ipogolo unapanda mjini Iringa. Kutoka Mbeya unashuka Kyela, na huko ni kushuka kweli, zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye mpunga na joto la Ziwa Nyasa. Lakini pia tunashuka Tukuyu, ingawa barabara ikitoka Uyole inaanza kwa kukwea, inakwea hadi Isyonje kwenye ukungu, ndipo inainamisha kichwa. Abiria anayetetemeka kwa baridi ya Isyonje, juu kuliko alikotoka, bado akiulizwa kwa simu atajibu "nashuka Tukuyu." Hasemi namna gari linavyokwenda dakika hiyo, anasema safari yake nzima imeelekea wapi. Na kwa kuwa panda na shuka ndivyo pia vitenzi vya chombo, mtu wa Uyole anaweza kupanda gari ashuke Kyela na akifika Kyela akashuka, bila mtu yeyote kuchanganyikiwa. Ipe programu ya kutafsiri sentensi hiyo uone inavyotapatapa.

Je, hatuna basi maneno ya namna ya kukanyaga? Tunayo, na ukiyapanga utaona jambo ambalo wanaohesabu hawajaliona. Chechemea. Pepesuka. Jikongoja, neno lililobeba mkongojo wake ndani. Yumba. Sota, ya matako, ambayo vijana wameigeuza kuwa maisha magumu. Tambaa. Nyata. Nyemelea. Kila moja ni mwendo wenye kasoro au wenye siri: mguu mbovu, pombe, uzee, utoto, wizi, windo. Kiswahili hakipotezi mzizi kwa mguu mzima wa mtu mzima anayekwenda zake. Mwendo wa kawaida hauna cha kutangaza, na ukihitaji kutangazwa utaambatanishwa na pole, mbio, aste aste, kwa mikogo. Mzizi mzima unatolewa pale mwendo unapokuwa dalili. Daktari anaweza kupata mengi kutoka kwenye orodha ile kuliko mwandishi wa insha.

Hapo ndipo nawaona watetezi wa Kiswahili nao wanapoteleza. Wakisikia lawama ya umaskini wanakimbilia kamusi na kurudi na kapu: kwenda dalji, kwenda telki, kwenda matiti, kwenda chopi, kwenda joshi. Maneno matamu, na mengi ni ya pwani, ya punda na ya mabaraza. Mie nayapenda. Lakini neno lililolala kwenye kamusi halimsaidii mkalimani anayesubiriwa na hakimu, na ukimwambia mtu wa Mafinga kwamba punda wake anakwenda telki atadhani umemtukana punda. Zaidi ya hapo, kwa kukubali kuhesabu, watetezi wamekubali kanuni ya mpinzani kwamba utajiri wa lugha ni idadi ya mizizi ya kukanyaga. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Kwa kanuni hiyo sindikiza halihesabiki, kwa kuwa si namna ya kukanyaga. Laki, kwenda kumpokea mtu njiani kabla hajafika, halihesabiki. Wala fuatana, pishana, ongozana, andamana. Ukipanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori la mzigo utamwona utingo chini, amebeba gogo begani, anakwenda sambamba na tairi la nyuma ili gari likisita alitie kigingi. Lori linatambaa. Yeye anafanya nini? Miguu yake inafanya kile kile ambacho ya shangazi inafanya, lakini hakuna Mswahili atakayesema utingo anatembea. Analisindikiza. Ndani ya neno hilo moja kuna mwendo, mwenza, na kwamba mwenye safari ni mwingine. Kama huo ni umaskini, sijui utajiri unaonekanaje.

Nguvu kubwa zaidi haiko hata kwenye mizizi, iko kwenye mikia. Chukua kitenzi cha mwendo, kipe mnyambuliko wa kutendea, na mwendo unapata shabaha: tembea linakuwa tembelea, na sasa kuna mwenyeji anayepika. Nyata linakuwa nyatia, na kuna kuku atakayekosekana asubuhi. Pita linakuwa pitia, na kuna mtu atakayechukuliwa njiani. Kimbia linakuwa kimbilia, na hapo maana inageuka uso kabisa, maana anayekimbia vita na anayekimbilia kanisani wanaweza kuwa mtu mmoja, nyayo zile zile, kitenzi kimoja kikitazama nyuma na kingine mbele. Mkimbizi na mkimbiaji wametoka kwenye mzizi mmoja, na hakuna mtoto wa shule anayewachanganya. Kisha fanya kinyume: rudufu kitenzi. Tembeatembea, zungukazunguka, randaranda, tangatanga. Shabaha imefutika. Mtu yule yule, barabara ile ile ya Mafiati, kwa mkia mmoja ni mgeni anayetembelea ndugu, kwa kurudufu ni mtu wa kutiliwa shaka. Vijana nao, ambao tunawalaumu kwa kuharibu lugha, wameufuata mpaka huo huo bila kufundishwa: kuchapa lapa ni kwenda mahali kwa kukosa nauli, kupiga misele ni kuzunguka bila la maana, kusepa ni kuondoka. Hakuna hata moja linalosema hatua zilikuwa ndefu au fupi.

Na hapo kwenye kurudufu ndipo sifa hii ya lugha yetu inapoonyesha upande wake wa giza, ambao sitauficha kwa sababu ya mapenzi. Lugha inayomtaka kila mwendaji awe na shughuli inamwandaa asiye na shughuli kuwa mkosaji. Tuna zurura, na zurura si maelezo, ni hukumu. Tuna kiguu na njia, msemo wa kumsema mtu asiyetulia kwake. Mwanamume asiyeonekana nyumbani anahangaika, anatafuta. Mwanamke akifanya hivyo hivyo anatembeatembea, na kila mtu kwenye benchi anajua kilichosemwa, kwa sababu kutembea na mtu ni jambo jingine tena. Miguu haijabadilika; kilichobadilika ni shughuli aliyodhaniwa kuwa nayo.

Sasa rudi kwenye tafsiri ya sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu viwili, 176 na 177, ambavyo mitaani tunaviita kwa neno moja: uzururaji. Ukoo wake ni wa Kiingereza, unafika hadi sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliyolenga masikini na watu wasio na makazi waliokuwa wakizagaa, ikasambaa na himaya. Neno la Kiingereza la kuzunguka bila mwelekeo ambalo sheria za ukoo huo hulitumia ni neno baridi. Mwingereza hulitumia hata kwa mshairi aliyeenda kutazama maua. Ndiyo maana sheria ililazimika kuongeza masharti: mahali gani, saa gani, katika mazingira gani ya kuonyesha nia mbaya. Lipeleke kwenye Kiswahili kwa kuzurura na yale masharti yote yanabaki mapambo, kwani kitenzi kimekwisha kutoa hukumu kabla shahidi hajaapa. Nani atajitetea kwamba alikuwa akizurura kwa nia njema? Nchi hii inakumbuka pia Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, watu wa mijini walipokusanywa na kupelekwa mashambani kwa kukosa kuonyesha kazi. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hii hazipatani na Mkataba wa Afrika. Majaji walipima sheria. Lakini mtafsiri anayekaa na kifungu hicho anapima neno, na ana chaguo ambalo wengi hawalioni kama chaguo: kuzunguka, kupitapita, kuonekana mahali, au kuzurura. Kwa matatu ya kwanza, upande wa mashtaka una kazi ya kufanya. Kwa la nne, mshtakiwa ndiye mwenye kazi.

Jambo kama hilo liko kwenye maandamano na matembezi. Kuandamana asili yake ni kufuatana, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wa harusi wanaompeleka bibi. Leo mwandaaji mwenye busara anapoomba kibali anaandika matembezi ya hisani, matembezi ya amani. Umati ni ule ule, barabara ni ile ile. Ameazima kutoka kwenye tembea ile maana ya kutokuwa na la lazima, akijua kabisa kwamba neno jingine lina shabaha ndani yake na shabaha inaogopesha. Wanasiasa walielewa somo hili kitambo, bila mwanaisimu.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa ya watu wa lugha, na kwamba mtafsiri mwenye kurasa mia mbili na wiki tatu anahitaji orodha ya maneno sawia, basi. Namhurumia, na nakubali kwamba ziko sehemu ambako tunahitaji kweli istilahi: tiba ya viungo inahitaji namna ya kutaja mkanyago, unyanyuaji wa kisigino, upana wa hatua, na hapo kuunda au kuazima ni halali, kama tulivyoazima bajaji. Lakini orodha ya neno kwa neno ndiyo iliyomwandikia shangazi yangu kwamba hafanyi mazoezi. Kipeperushi cha afya kinachosema "tembea" kwa mama wa Iganzo kinamwambia atafute muda wa kustarehe, naye ataona ni ushauri wa matajiri. Kipeperushi kinachouliza anakwenda wapi kila siku, na anafikaje, kingepata jibu la kweli kwa nusu dakika, tena bila neno jipya hata moja.

Mwezi uliopita alirudi kliniki, zamu ikiwa ya nesi mwingine, mama mtu mzima wa rika lake. Nilimuuliza waliongea nini. "Hakuniuliza habari za kutembea," akasema. "Aliniuliza sokoni nashuka na nini. Nikamwambia nashuka kwa miguu, na mzigo. Kupanda, siku hizi magoti haya, napanda bajaji. Akasema basi siku moja moja niiache bajaji pale chini, nipande taratibu."

Nikamuuliza kama ameiacha.

"Jumanne," akasema. "Mvua haikunyesha."